Uzi wa Kutoka Uvira Hadi Leopoldville

Ndugu zangu wa Mulongwe hapa Uvira, na ninyi wa Kavimvira mnaonisimamisha njiani kila nipitapo,

Mmeniuliza kilichotokea. Siku niliyorudi mlizungumza habari za safari yangu mbele yangu mwenyewe, mmoja akisema ndege ilianguka msituni, mwingine akisema tulikula mizizi na nyani, nami sikuweza kumjibu hata mmoja. Sababu mnaijua, na asiyeijua ataikuta mwishoni. Sasa naruhusiwa kusema. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nitakapotaja la kuambiwa nitamtaja aliyeniambia. Habari za tiketi na mihuri ya ofisi nitaziacha. Hazimfundishi mtu kitu ila subira, na subira niliipata kwingineko kwa wingi.

Mulongwe, kabla ya kuondoka

Mdogo wangu Kashindi alitoka Uvira mwaka wa uhuru, akaenda kupakia mizigo kwenye bandari ya mto huko Leopoldville. Alimwacha mkewe, Mama Nabintu, pamoja na watoto. Mwanzoni habari zake zilifika. Baadaye, vurugu zilipozidi nchini na posta ikawa ya kubahatisha, zikakatika.

Kisha askari mmoja aliyepita na gari la jeshi aliwaambia watu sokoni kwamba mtu wa Uvira, mrefu, ameangukiwa na mizigo bandarini akafa. Askari yule hakutaja jina. Soko likamtafutia jina. Kabla ya jioni marehemu alikuwa Kashindi, na kesho yake asubuhi alikuwa amepewa hata maneno ya mwisho.

Ukoo ulikutana uani kwangu, ukiongozwa na Baba Bulambo, ambaye ni kaka wa marehemu baba yetu na ndiye mkubwa wetu sote. Mnajua desturi. Kilio kikishaliliwa na kufungwa, mjane hunyolewa, kisha huonyeshwa mwanamume wa ukoo wa kumtunza yeye na watoto. Na likishafanyika hilo, halirudishwi nyuma. Aliyekuwa ametajwa ni binamu yetu Rubenga, ambaye tayari alikuwa ameanza kuusifu ugali wa Mama Nabintu hadharani.

"Mwalimu, muntu amekufa," Baba Bulambo alisema. "Tumulilie, tumalize."

"Nani alimwona?"

"Askari."

"Askari alimtaja Kashindi?"

"Alisema muntu mrefu wa Uvira."

"Rubenga naye ni mtu mrefu wa Uvira. Tumlilie?"

Watu walicheka, ila Rubenga hakucheka. Niliingia ndani nikatoa ramani ya Kongo, ileile niliyoifundishia miaka yote, na kipande cha uzi wa nyavu. Nikauweka uzi juu ya Uvira, nikaunyosha hadi Leopoldville, nikafunga fundo, kisha nikaulaza kwenye kipimo kilicho chini ya ramani. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita elfu moja na mia tano na zaidi kidogo. Ndege huzimaliza kwa saa tano au sita pamoja na kutua. Nikawahesabia mbele yao: siku moja ya barabara hadi Bukavu, siku moja ya ndege, siku chache za kumtafuta mtu, kisha njia ileile kurudi.

"Jumapili ya pili kutoka leo nitakuwa hapa na ukweli," nilisema. "Hadi hapo asinyolewe mtu."

"Na usiporudi?" Baba Bulambo aliuliza.

Hapo ndipo niliposema maneno mliyoyakumbuka kuliko nilivyotaka: "Nisiporudi Jumapili ya pili, mjue nimekufa. Mimi sijawahi kuchelewa."

 Alfajiri Mama Nabintu alinifuata na mfuko wa ndagala kavu, samaki wetu wadogo wa ziwani, umefungwa kwa majani ya mgomba na kamba.

"Hizi za Kashindi," alisema.

Baba Bulambo, aliyekuja kuniaga, alitikisa kichwa. "Mama, muntu aliyekufa hatumiwi ndagala."

"Basi Mwalimu atakula yeye, Baba. Njia iko ndefu."

"Si ndefu," nikamjibu. "Nimeipima."

Barabara ya bonde

Lori lilikuwa la Feruzi, dereva wa Kavimvira ambaye wengi wenu mmewahi kumkopesha kitu. Nilikaa mbele pamoja naye, ndagala nimezipakata. Bonde la Ruzizi lilikuwa limetulia, mashamba ya mpunga yamejaa maji, na Feruzi alikuwa akiimba. Tulipofika Katogota wanajeshi wakatuzuia. Walisema waasi wameteremka kutoka milima ya Lemera na kwamba gari lolote halitapita peke yake. Tungojee magari mengine, twende pamoja.

Tulingoja. Tulipokelewa nyumbani kwa mkulima mmoja mzee, Baba Matabaro, aliyekuwa na nyumba ya udongo safi na maneno machache. Alitulisha wali na maharage. Mimi nilitoa ndagala kidogo, nikihesabu kwamba Kashindi, akiwa hai, atanisamehe, na akiwa amekufa, hatahitaji kunisamehe.

Kila aliyepita barabarani alikuwa na lake. Waasi wako mlimani. Waasi wako mtoni. Waasi wana dawa, risasi ikiwagusa inageuka maji. Kila mmoja nilimwuliza, "Uliwaona?" na kila mmoja alimtaja mwingine. Jioni ya pili Baba Matabaro alichoka na maswali yangu.

"Mwalimu," alisema, "weye unataka aliyewaona. Aliyewaona vizuri hakurudi kusema."

Feruzi alicheka hadi akaweka sahani chini. Mimi nilimweleza mwenyeji wangu kwamba hoja hiyo ina kasoro, maana kwa hoja hiyo mtu angeweza kuthibitisha kuwapo kwa kitu chochote duniani. Alinisikiliza kwa heshima, akaniongezea maharage.

Siku iliyofuata magari yalitosha, tukaondoka. Waasi sikuwaona. Niliona gari moja lililochomwa kando ya barabara, bado linatoa moshi mwembamba, nalo halikuwa la kuambiwa. Feruzi aliacha kuimba mpaka tulipoanza kuupanda ukingo wa milima kuelekea Bukavu.

"Feruzi," nikamwambia tulipofika juu, "tumechelewa."

"Mwalimu, tumefika."

Alilisema kama vile haya mawili hayahusiani.

Angani

Sikuwa nimewahi kupanda ndege kabla ya hapo na sitajifanya kwamba sikuogopa. Ilipoinuka nilishika kiti, na nilipotazama chini ziwa Kivu lilikuwa limeinama upande kama maji ndani ya bakuli lililobebwa vibaya. Karibu yangu alikaa mfanyabiashara wa Bukavu, mnene, mchangamfu, amevaa kofia ambayo hakuivua safari nzima. Jina lake Byamungu.

Haukupita muda akaanza kunusa.

"Baba, samahani. Kuna kitu kimekufa hapa?"

"Ni ndagala. Zimekaushwa. Hazijaoza."

"Ndagala za wapi?"

"Uvira."

"Ah, basi zimekufa kwa heshima," alisema. Mbele yetu mama mmoja aliyevaa miwani aligeuka, akaomba mfuko ule upelekwe nyuma. Mtumishi wa ndege akaubeba nyuma. Abiria wa nyuma wakaurudisha mbele. Mwishowe ukasafiri chini ya miguu ya Byamungu, ambaye alisema amekwisha kuzoea na kwamba sasa ana njaa.

Mimi nilitazama dirishani. Chini kulikuwa msitu, msitu, kisha mto wa rangi ya chai ya maziwa, kisha msitu tena. Ilikuwa kazi ya miezi kwa mwenye miguu, nasi tuliivuka bila kutoka jasho. Nilitoa uzi wangu mfukoni, nikaulinganisha na saa yangu. Tulipoanza kushuka Luluabourg ili kuongeza mafuta, tulikuwa tumemaliza karibu nusu ya uzi, na saa zilikuwa zilezile nilizowaambia ninyi. Nakiri nilifurahi. Nilimwonyesha Byamungu.

"Uzi umesema kweli," alisema. "Tuombe na ndege iseme."

Luluabourg

Tuliambiwa tushuke tunyooshe miguu. Tulipokuwa tukiinyoosha, wanajeshi walikuja na malori, wakaingia ndani ya ndege na masanduku yao, nayo ikaondoka. Mtu wa ofisi ya uwanja alitufafanulia kwa adabu nyingi kwamba kuna uasi mwingine upande wa Kwilu, kwamba ndege imechukuliwa kwa kazi ya serikali, na kwamba itarudi sasa hivi.

Nilikaa juu ya benchi nikiitazama anga. Jua lilipotua, mama mmoja aliyekuwa akiuza chakula mlangoni aliniuliza kwa Kifaransa chake na kidogo cha Kiswahili nangoja nini. Nikamwambia nangoja ndege, imesemwa sasa hivi.

"Baba," alisema, "sasa hivi ya hapa ina mvua na kiangazi. Njoo ule."

Huyo ndiye Mama Biduaya, mjane wa makamo, mwenye sauti ya kuwaamuru hata mbuzi. Nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja, na Byamungu nami tulipewa chumba cha nje. Alipika bidia, ugali wao wa mahindi na muhogo, pamoja na matamba, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Nilichangia ndagala. Alizikaanga kwa mawese, akaonja moja, kisha nyingine.

"Kwenu mnazo nyingi?"

"Ziwa zima."

"Na bado mnapigana?" alisema.

Jambo lililonisumbua hapo halikuwa ndege peke yake. Majirani waliposikia kwamba natoka Uvira walianza kuja kunipa pole. Walikaa chini, wakainamisha vichwa.

"Pole, Baba. Tumesikia Uvira imechomwa yote."

"Uvira ipo. Nimetoka huko wiki hii."

"Uliondoka siku gani?"

"Jumatatu."

"Basi imechomwa Jumanne."

Niwaulize nini? Nani aliona? Hakuna aliyeona, redio ya mtu fulani ilisema, au rafiki wa rubani. Siku zote nimesema kwamba la kusikia si habari. Lakini nilijifunza hapo kwamba mtu anaweza kukataa kuamini jambo na bado likamnyima usingizi. Nililala nikiiona nyumba yangu, na mke wangu Mama Salome, na mlango wa Kashindi.

Jumapili ya kwanza ilipita, na siku za wiki zikaifuata. Jumapili ya pili, ile niliyowaahidi, ilinikuta kanisani Luluabourg, nimesimama nyuma kwa sababu viti vilijaa. Kengele ilipolia nilijua kwamba saa hiyo mnatazama barabara ya kutoka Katogota. Katika maisha yangu nimewapiga fimbo wanafunzi wengi kwa kuchelewa. Sikumkumbuka hata mmoja ambaye nilikuwa nimemwuliza sababu.

Siku mbili baadaye Byamungu alichoka. Ilikuwapo ndege ya jeshi iliyokuwa ikirudi Bukavu, na kwa njia zake mwenyewe alipata nafasi. Alikuja kuniaga akiwa na kofia yake.

"Mwalimu, turudi sote."

"Sijafika nilikokwenda."

"Basi nikupelekee neno. Nitamwambia dereva yeyote wa Uvira."

Nilifikiri, kisha nikakataa. Nilimweleza kwamba ujumbe wa mdomo hubadilika kila unapobadilisha gari. Kwamba akimwambia dereva, na dereva akamwambia mwuza nyanya, hadi ufike Mulongwe mimi nitakuwa nimekuwa askofu au nimefungwa. Ofisi ya simu ya maandishi ilikuwa imeniambia waya wa mashariki umekatika. Nikamwambia ni afadhali kimya kuliko uongo.

Byamungu alirekebisha kofia yake. "Mwalimu, kimya nacho watu watakipa jina," alisema, akanishika mkono, akaenda.

Leopoldville

Ndege ilirudi siku ambayo nilikuwa nimeacha kuitazama. Sehemu iliyobaki ya uzi niliimaliza katika muda wa vipindi vitatu vya somo na mapumziko yake. Juu ya mto mkubwa, mpana hata ukaonekana kama ziwa lisilo na milima, nilisema moyoni kwamba sasa kazi imekwisha. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Mji ule una watu wengi kuliko maswali ya mtu mmoja. Nilikwenda bandarini. Wa kwanza alisema Kashindi amekufa. Nilimwuliza kama alimzika. Akasema aliyemzika alihama. Wa pili alisema amevuka mto, yuko Brazzaville, amekuwa tajiri. Wa tatu alisema alikuwapo mtu wa jina hilo lakini alikuwa mfupi. Siku kadhaa nilizunguka hivyo, nikilala kwa fundi viatu mmoja mtu wa Bukavu, ambaye alinipokea kwa sababu tu alisikia lafudhi yangu.

Mke wa fundi yule alinikuta jioni moja nimekaa uani, nimeinama. Aliuangalia mfuko wangu, ambao sasa ulikuwa umepungua nusu.

"Baba, hizo ndagala unazilinda za nini?"

"Ni za mdogo wangu."

"Na mdogo wako hujui yuko wapi."

"Sijui."

"Basi nipe kidogo, nizikaange hapa nje. Bantu ba kwetu bakisikia harufu, batakuja benyewe."

Nilimwambia kwamba hiyo si njia ya kumtafuta mtu. Akaniuliza kama ninayo nyingine. Nikampa.

Aliziweka kikaangoni, akaongeza pilipili na nyanya. Moshi ulipita juu ya ukuta. Kwanza alikuja mwanamke wa Baraka, akasimama mlangoni akilia bila aibu. Kisha vijana wawili wa Uvira, ambao mmoja wao nilimfundisha, akaficha sigara aliponiona. Walikula kwa vidole, wakasema majina ya vijiji vya ziwani kimojakimoja. Nilipomtaja Kashindi, yule mwanamke wa Baraka aliacha kutafuna.

"Kashindi wa muguu? Yule anakaa nyuma ya gereji?"

"Wa mguu gani? Mdogo wangu ana miguu yote."

"Yuko nayo yote, Baba. Ni moja tu inakataa kazi."

"Ulimwona lini?" nikauliza.

"Leo asubuhi. Aliniomba chumvi."

Niliinuka, lakini haikuhitajika kwenda mbali. Habari ilikuwa imekwisha kutangulia, na mtu alikuwa akija kwenye njia ile nyembamba, mrefu, ameegemea gongo, pua yake mbele.

"Hii ni ndagala ya kwetu," alisema kabla hajaniona. "Hii imekaushwa na muke wangu. Ni yeye anaweka chumvi hivi."

Sitaandika zaidi ya hapo. Tulikaa uani hadi sufuria ikapoa. Alinieleza kwamba ni kweli mizigo ilianguka, na kwamba aliyekufa ni mwenzake wa Kalemie aliyesimama kando yake. Yeye alivunjika mguu, akakaa hospitali muda mrefu, na aliowapa habari za kutuletea walizipeleka anakokujua Mungu. Alitaka kujua habari za watoto. Nikampa. Alitaka kujua habari za mkewe. Nikamwambia kwamba ukoo unangoja, kwamba Rubenga anausifu ugali, na kwamba siku niliyoahidi imepita.

"Tutaondoka lini?" aliuliza.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimjibu mtu hivi: "Tutakapoweza."

Kurudi

Kurudi kulikuwa vilevile, kinyumenyume, ila tulikuwa wawili. Luluabourg tulilala tena kwa Mama Biduaya, ambaye alimpima Kashindi kwa macho, akasema sasa anaelewa kwa nini mzee mkali alikataa kurudi na mwenye kofia. Katogota Baba Matabaro alituona, akaweka jembe chini, akasema tu, "Loo." Hakusema kwa nini, nasi tulikuwa na haraka.

Lori la mtu mwingine lilitushusha kwenye daraja la Mulongwe adhuhuri. Chini yake mwanamke mmoja alikuwa akifua. Aliinua kichwa, akaniona, akaacha nguo zote ziende na maji, akakimbia akipiga kelele kwamba Mwalimu ametoka kuzimu na amemleta mwenzake.

Kashindi alikuwa ameegemea ukingo wa daraja. Alinitazama, kisha akaanza kucheka.

"Mwalimu," alisema, "ulikuja kunitoa kaburini, kumbe umeingia weye."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeliliwa.

Shangazi yetu, ambaye hawezi tena kutembea haraka, aliletwa akishikwa mikono. Alitusimamisha mbali na nyumba. "Musikanyage mulango," alisema. "Hata kidogo. Na kuanzia sasa, kimya." Kwa wale waliozaliwa juzi naeleza: kwetu, aliyeliliwa akarudi haingii kwa mlango aliotokea. Huketishwa nje, shangazi humnyoa na kumwosha kwa maji ya mto, kisha huingizwa kwa upande wa jikoni kama mtoto mchanga. Na kwa kuwa mtoto mchanga hasemi, naye hasemi hadi jua la kesho. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu desturi hiyo, lakini muda wa kuyasema ulikuwa umepita.

Kwa hiyo nilikaa juu ya kigoda, maji yakinitiririka shingoni, na mlikusanyika ninyi nyote, mkaanza kunisimulia safari yangu. Ndipo niliposikia ya ndege kuanguka, na ya nyani. Ndipo pia niliposikia yaliyotokea hapa. Jumapili ya pili ilipita. Mkangoja nyingine, na nyingine, kwa hisani. Kisha Baba Bulambo akasimama akasema: "Mwalimu alitufundisha tusiamini la kusikia, tuamini hesabu. Hesabu ilisema Jumapili. Mwalimu hachelewi. Kwa hiyo Mwalimu amekufa." Mkatulilia sote wawili, mimi na Kashindi. Hamkukosea hata hatua moja. Ningekuwa namsahihishia mwanafunzi, ningempa alama zote.

Feruzi alikuwa amekuja katikati ya kilio na habari kutoka Bukavu: mtu mwenye kofia amemwambia kwamba Mwalimu yuko Luluabourg, ameoa mwanamke wa huko, naye anauza ndagala. Mlimfukuza. Mama Salome, mke wangu, nasikia alisema kwamba kati ya habari hizo mbili yeye anaichagua ya kifo. Aliyasema tena mbele yangu, akiniletea taulo, akijua kwamba siwezi kujibu.

Kisha tukapelekwa kwa Kashindi. Barazani Rubenga alikuwa ameketi juu ya kiti alichokuja nacho kutoka kwake, kile cha mbao chenye mikono, na pembeni mkeka wake na taa yake ya kuvulia. Alikuwa amekaa hapo tangu kilio kilipofungwa, akingoja mlango ufunguliwe. Kashindi alisimama mbele yake, kichwa kimenyolewa kinang'aa, gongo mkononi, kimya kabisa.

"Ndugu yangu," Rubenga alisema, "nilikuwa nakulindia nyumba."

Kashindi hakujibu.

"Hata ndani sijaingia. Uliza."

Kashindi hakujibu. Rubenga aliinua kiti, akakuta ni kizito, akarudi kwa taa, akaangusha mkeka. Hakuna aliyemsaidia, maana kila mtu alikuwa ameshika mbavu.

Mama Nabintu alitokea upande wa jikoni, mahali pa kumpokelea mumewe kwa desturi. Alivua kitambaa. Nywele zake zilikuwa kichwani zote, zimesukwa.

"Walinifuata na wembe mara tatu," alisema, akinielekea mimi kwanza. "Mwalimu, weye ulifundisha bantu vizuri sana. Karibu waninyoe pamoja na muke wako. Miye nilisikia Feruzi akisema: ndagala. Nikawaambia, huyo mwenye kofia angetoa wapi habari ya ndagala? Zile ni zangu. Mwalimu iko hai, anatembea na mufuko wangu. Wakasema, hayo ni ya kusikia tu."

Nilitaka kumwambia kwamba aliamini kwa sababu alitaka kuamini, na kwamba kama angetaka kinyume angepata sababu nyingine. Kesho yake nilimwambia. Alicheka akasema huenda ni kweli. Siku ile nilikuwa mtoto mchanga. Nikamtazama tu akimshika Kashindi kiwiko, akimwinamisha apite chini ya paa la jikoni, akiangalia asiupige mguu ule kizingitini.

Asubuhi, jua lilipochomoza upande wa pili wa ziwa, Baba Bulambo alikuwa tayari ameketi uani kwangu. Ramani ilikuwa imetandikwa juu ya meza kama nilivyoiacha.

"Sasa sema, Mwalimu. Leopoldville iko mbali gani?"

"Kilomita elfu moja na mia tano na zaidi kidogo, kwa mstari ulionyooka. Nilipima sawasawa."

"Na siku ngapi?"

Nikatazama ramani.

"Mwalimu," alisema, "jua limetoka. Unaruhusiwa kusema."

Uzi nimempa Mama Nabintu. Wavu wa Kashindi ulikuwa umekaa miaka bila mtu na panya wameutoboa, naye alikuwa akitafuta wa kushonea. Akaufungua fundo, akasema unatosha. Kesho yake Kashindi alishuka ufuoni na gongo lake, akapanda mtumbwi na wenzake, akaenda ziwani. Hakuniambia atarudi saa ngapi, nami sikumwuliza.